Guruneti Takatifu la Antiokia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu huyarudia kila wanapokutana na silaha hii kwa mara ya kwanza, ama katika filamu yenyewe, ama katika mchezo wa kompyuta, ama kwenye fulana ya rafiki. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo. Anayependa kuitazama filamu bila kujua yatakayotokea na asome maswali matatu ya mwanzo tu, kisha arudi baadaye.

## Misingi

1. Guruneti Takatifu la Antiokia ni kitu gani?

Ni silaha ya kubuni iliyomo katika filamu ya *Monty Python and the Holy Grail*, iliyotolewa mwaka 1975 na kuongozwa na Terry Gilliam na Terry Jones. Filamu hiyo inaiga kwa kuchekesha hekaya za Mfalme Arthur na mashujaa wake wa Meza ya Duara, ambao wanazunguka katika nchi ya matope, ukungu, tauni na maiti wakikitafuta Kikombe Kitakatifu. Mtazamaji aliyezoea hadithi za fantasia ya giza anatarajia kuona humo panga zenye laana na mikuki inayotoa damu. Badala yake anaonyeshwa bomu la kurushwa kwa mkono, linalohesabiwa miongoni mwa masalia matakatifu, linalotunzwa na mtawa aitwaye Ndugu Maynard, na ambalo halitumiki mpaka maandiko yanayolihusu yasomwe kwa sauti.

2. Lina umbo gani, na umbo hilo limetoka wapi?

Ni tufe la rangi ya dhahabu, limepambwa kwa vito na kuwekewa msalaba juu. Waliolibuni waliiga tufe la kifalme la Uingereza, lililotengenezwa mwaka 1661 kwa ajili ya kutawazwa kwa Charles II baada ya vyombo vya zamani vya kifalme kuharibiwa wakati nchi hiyo ilipokuwa jamhuri. Waliotazama kutawazwa kwa Charles III tarehe 6 Mei 2023 walimwona akilishika kwa muda mfupi kabla halijarudishwa altareni.

Tufe lenye msalaba ni alama ya kale sana katika sanaa ya Kikristo, na maana yake ni kwamba dunia yote iko chini ya mamlaka ya Kristo. Tufe la Uingereza limezungushiwa mikanda ya vito inayoligawa katika sehemu tatu, kwa sababu watu wa Ulaya wa zama za kati walizifahamu sehemu tatu tu za dunia, yaani Asia, Ulaya na Afrika. Kwa hiyo bara letu limo ndani ya alama hiyo, mkononi mwa mfalme. Ninaona kwamba uamuzi wa kuitwaa alama hii na kuitia pini ya kulipulia ndio uamuzi wa maana kuliko wote katika silaha nzima: kitu kile kile kinachosema kwamba mfalme ameshika dunia kwa niaba ya Mungu kinageuka kuwa kitu cha kulipua.

3. Je, ni lazima niwe nimesoma hekaya za Arthur?

Hapana. Inatosha kujua kwamba Arthur ni mfalme wa hekaya, kwamba upanga wake unaitwa Excalibur, na kwamba mashujaa wake wanaapa kuwa hodari na wacha Mungu. Mengine yanajieleza yenyewe.

## Matumizi

4. Linatumiwaje?

Arthur hajui, na shujaa wake Lancelot, ambaye ndiye aliyemkumbusha kwamba wanalo, hajui pia. Kwa hiyo wanaamuru Kitabu cha Silaha kifunguliwe, na mtawa mmoja anasoma sura ya 2, aya ya 9 hadi ya 21. Kabla ya hapo linaletwa kwa maandamano ya watawa wanaoimba kwa Kilatini maombi ya kumsihi Bwana Yesu awajalie pumziko. Maneno hayo yametoka katika misa ya wafu, kwa maana kwamba mazishi yanaimbwa kabla ya adui kufa.

Maandiko yenyewe yanaanza kwa kusimulia jinsi Mtakatifu Attila alivyoliinua guruneti na kumwomba Mungu alibariki ili adui wapate kuvunjwavunjwa, jambo ambalo katika sala hiyo linahesabiwa kuwa la rehema. Inafuata orodha ya vyakula vya karamu, ambayo inaanza kwa wanakondoo na kuendelea kupotea njia hadi popo na nafaka za kifungua kinywa, mpaka Ndugu Maynard anamwomba msomaji aruke kidogo.

Hapo ndipo yanapofika maelekezo. Kwanza pini takatifu itolewe. Kisha mtumiaji ahesabu hadi tatu, isizidi wala isipungue. Maandiko hayaridhiki na amri hiyo moja. Yanaeleza kwamba tatu ndiyo hesabu inayotakiwa, kwamba asihesabu nne, kwamba asihesabu mbili pia isipokuwa kama ataendelea hadi tatu, na kwamba tano haifai hata kufikiriwa. Hesabu ya tatu ikishafikiwa, guruneti litupwe kwa adui.

5. Kwa nini Arthur anahesabu moja, mbili, tano?

Wengi hudhani kwamba mzaha huu unazaliwa pale pale guruneti linaposhikwa, lakini umeandaliwa mapema. Dakika chache kabla, mashujaa wanapowahesabu wenzao waliouawa, Arthur anasikia majina ya Gawain, Ector na Bors, kisha anatangaza kwamba ni watano, na inabidi arekebishwe kwamba ni watatu. Baadaye, wanapofika kwenye Daraja la Mauti, anasema kwamba mlinzi wake humuuliza kila msafiri maswali matano, naye anarekebishwa tena. Ni udhaifu wa kudumu wa mfalme huyu: tatu kwake ni tano.

Ndiyo maana maandiko yanapoitaja tano na kuikataza waziwazi, mtazamaji makini anashtuka, kwa sababu ni kama kitabu hicho kiliandikwa karne nyingi kabla kwa ajili ya mtu huyu mmoja. Na bado, mara tu baada ya kusomewa, anasema tano. Shujaa wake Galahad anamrekebisha kwa adabu, Arthur anasema tatu, na guruneti linarushwa. Kwamba linalipuka wakati ufaao licha ya hesabu kuvurugika ni jambo ambalo filamu hailielezi, nami sioni kwamba ilipaswa kulieleza.

6. Kwa nini silaha kubwa namna hiyo inatumiwa dhidi ya sungura?

Kwa sababu sungura huyo analinda pango la Caerbannog, ambamo yamo maandishi ya kuwaelekeza kwenye Kikombe Kitakatifu, na tayari ameshawaua mashujaa watatu kwa meno. Mganga aitwaye Tim, aliyeigizwa na John Cleese, aliwaonya mapema juu ya mlinzi huyo wa kutisha, wakamcheka walipoona ni mnyama mdogo mweupe. Bors alitangulia peke yake na kichwa chake kikaondoka. Waliobaki walishambulia kwa panga wakarudi mbio, wakiwa pungufu.

Sungura mpiganaji si wazo geni kwa zama za kati. Pembezoni mwa kurasa za vitabu vya sheria na vya sala vya wakati huo, wachoraji walipenda kuwachora sungura wakiwawinda wawindaji, wakiwafunga mbwa kamba na kuwahukumu. Kitabu kimoja cha sheria za Kanisa kilichochorwa London katika karne ya 14, ambacho leo kimo katika Maktaba ya Uingereza, kina mfululizo mzima wa picha za namna hiyo. Kwenye ukuta wa mbele wa kanisa la Notre-Dame mjini Paris, dhambi ya woga imechongwa kama shujaa anayeangusha upanga wake na kumkimbia mnyama wa jamii hiyo hiyo. Terry Jones alikuwa mtafiti wa kweli wa zama hizo, na mwaka 1980 alichapisha kitabu cha uhakiki kuhusu mhusika shujaa wa Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ya pekee hapa, kwa sababu amelelewa na sungura wa ngano, ambaye huwashinda simba, fisi na tembo kwa ujanja. Huyu wa Caerbannog hana ujanja wowote. Anaruka kooni.

7. Kwa nini Arthur hamalizi kazi kwa Excalibur?

Panga zilishajaribiwa na zikashindwa, kama ilivyoelezwa katika swali la 6. Isitoshe, katika filamu hii Excalibur haina heshima iliyo nayo kwenye hekaya. Mapema kabisa Arthur anapodai kwamba ni mfalme kwa kuwa alipewa upanga huo na Bibi wa Ziwani, mkulima mmoja anamjibu kwamba serikali haiwezi kusimama juu ya msingi wa kugawiwa panga na wanawake walio majini. Upanga unaofaa kuleta utukufu umeshavuliwa utukufu wake, na nafasi hiyo inabaki wazi hadi guruneti linapotokea.

8. Kwa nini hawakulitumia tena dhidi ya Mnyama Mweusi ndani ya pango?

Filamu inaonyesha guruneti moja tu, nalo lililipuka nje ya pango. Mnyama huyo ni mchoro wa katuni, na anatoweka pale mchoraji wake anapopatwa na mshtuko wa moyo.

## Historia iliyo nyuma ya mzaha

9. Kwa nini Antiokia?

Antiokia ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya Ukristo wa kwanza. Matendo ya Mitume 11:26 inasema kwamba ni huko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Leo mji huo unaitwa Antakya na uko kusini mwa Uturuki. Uliharibiwa vibaya na tetemeko la ardhi la tarehe 6 Februari 2023, na anayefuatilia historia yake afanye hivyo akikumbuka kwamba ni mji wenye watu.

Lakini jina hilo linapoambatanishwa na silaha takatifu, linaelekeza kwenye tukio moja mahususi. Mwezi wa Juni 1098, katika Vita vya kwanza vya Msalaba, wapiganaji kutoka Ulaya waliuteka mji huo, na siku chache baadaye wakazingirwa humo humo na jeshi kubwa la Kerbogha, mtawala wa Mosul. Walikuwa na njaa na wamekata tamaa. Mtu wa hali ya chini aitwaye Peter Bartholomew akasema kwamba Mtume Andrea amemtokea na kumwonyesha mahali ulipozikwa mkuki uliomchoma Yesu ubavuni. Walichimba sakafu ya kanisa la Mtakatifu Petro, na tarehe 14 Juni kipande cha chuma kikapatikana. Tarehe 28 Juni walitoka nje ya kuta na kulishinda jeshi la Kerbogha.

Hata wakati huo wapo waliotia shaka, akiwemo Adhemar, askofu wa Le Puy, aliyekuwa mwakilishi wa Papa. Mabishano yalipozidi, Peter Bartholomew alikubali kupita katikati ya moto ili kuthibitisha ukweli wake. Alifanya hivyo siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 8 Aprili 1099, na akafa siku kadhaa baadaye kwa majeraha, huku wafuasi wake wakiendelea kusema kwamba moto haukumdhuru.

Kwa hiyo silaha takatifu ya Antiokia ilikuwepo katika historia, watu waliishi na kufa kwa ajili yake, na mshangao wa filamu ni mdogo kuliko unavyoonekana. Kilichobadilishwa ni aina ya silaha tu. Naomba msomaji asiliruke jibu hili, kwa kuwa bila kulijua anacheka nusu tu ya kinachochekesha.

10. Je, maguruneti yalikuwepo zama za kati?

Yalikuwepo, ingawa hayakuwa na pini. Wabizanti walianza kuutumia moto wa Kigiriki katika karne ya 7, na miongoni mwa njia zao za kuupeleka kwa adui kulikuwa na vyungu vidogo vya udongo vilivyojazwa kimiminiko kinachowaka. Majeshi ya Waislamu nayo yalitumia vyungu vya nafta, na nchini China kitabu cha mambo ya kijeshi cha mwaka 1044 kinaeleza jinsi ya kuchanganya baruti za kutengenezea mabomu.

Pini ndiyo inayotoka katika karne nyingine. Guruneti la aina ambayo watazamaji wa mwaka 1975 waliifahamu, lenye pini, mkono wa chuma na utambi unaochelewesha mlipuko, lilienea katika jeshi la Uingereza kuanzia mwaka 1915 kwa ubunifu wa William Mills. Utambi wake ulikuwa wa sekunde 7, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ukapunguzwa hadi sekunde 4 ili adui asipate nafasi ya kuliokota na kulirudisha. Kwa askari, kuhesabu lilikuwa suala la kufa na kupona. Kizazi cha wazazi wa waandishi wa filamu hii kilipitia mafunzo hayo, na maandiko ya Kitabu cha Silaha yana mlio wa mkufunzi wa jeshi uliofichwa ndani ya mlio wa padri.

11. Mtakatifu Attila ni nani?

Ni wa kubuni. Jina linamkumbusha mtazamaji Attila, mfalme wa kabila la Wahunni (Huns), aliyefariki mwaka 453, ambaye hakuwa Mkristo na ambaye mapokeo ya Wakristo wa Ulaya yalimwita Fimbo ya Mungu. Kumfanya mtu huyo kuwa mtakatifu anayebariki mabomu kunaeleza kwa jina moja jambo ambalo hotuba ndefu isingelieleza vizuri zaidi.

12. Je, Kitabu cha Silaha kimo katika Biblia au katika vitabu vya Deuterokanoni?

Hakimo. Kinachoigwa ni mtindo. Urudiaji wa hesabu ya tatu unafanana na Imani ya Athanasio, ungamo la kale la Kikristo ambalo linalinda fundisho la Utatu kwa kusema na kukanusha kwa zamu, kwamba si watatu wa milele bali mmoja wa milele, na kadhalika kwa aya nyingi. Ukinzani kati ya amri kavu na orodha ndefu ya vyakula unafanana na vitabu vya sheria vya Agano la Kale. Msomaji aliyelelewa na Biblia ya Union Version, yenye "naye akanena" na "nanyi mtafanya hivi", atausikia mtindo huo mara moja hata kama Kiingereza chake ni kidogo.

## Ucheshi na uzito wake

13. Kinachochekesha hasa ni nini?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba bomu la kisasa halifai kuwepo katika zama za kati. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi, na swali la 10 linaonyesha kwamba hata kihistoria ni dhaifu.

Kwa maoni yangu, kinachochekesha ni kwamba guruneti lenyewe halina kasoro yoyote. Linafanya kazi barabara, linamuua sungura mara moja. Watawa wanaliamini, kitabu kinaliheshimu, wimbo ni wa kweli, na hakuna hata mtu mmoja katika tukio lile anayeonyesha kwamba anajua kuna mzaha. Maandiko yamefikiria kila njia ambayo binadamu angeweza kukosea na kuiziba. Kisha anakuja binadamu, tena mfalme, tena aliyeteuliwa na Mungu katika tukio la awali, naye anakosea kwa njia ile ile iliyozibwa. Silaha ni kamilifu, ibada ni kamilifu, na anayeshindwa ni mtu anayetakiwa kuhesabu hadi tatu.

Ndiyo maana waigaji wengi wa silaha hii hawafiki popote. Wanabuni upanga unaopiga chafya au rungu linaloogopa giza, na papo hapo wanamkonyezea msomaji. Silaha ikishajua kwamba inachekesha, hakuna tena kitu kizito cha kukiangusha.

14. Je, ni dhihaka dhidi ya dini?

Ninaliheshimu swali hili, kwa kuwa wengi wanaouliza ni watu wa imani ambao hawapendi kukicheka kitu kitakatifu. Kinacholengwa na tukio hili ni desturi ya kuzibariki silaha, yaani ile sala inayomwomba Mungu wa rehema awavunjevunje wengine. Desturi hiyo ina historia ndefu, na mkuki wa Antiokia ni sehemu yake. Tukio haligusi Injili wala sakramenti. Muumini anaweza kuliona kuwa limevuka mpaka, na ana haki hiyo, lakini anaweza pia kulikubali kama onyo ambalo manabii wenyewe wangelitoa kwa maneno makali zaidi.

Wengine huichanganya filamu hii na *Life of Brian* ya mwaka 1979, iliyotengenezwa na kundi hilo hilo. Ni hiyo ya pili iliyozuiwa kuonyeshwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Norway na Ireland. Guruneti halimo ndani yake.

15. Linatofautianaje na upanga wenye laana wa fantasia ya giza?

Mfano bora wa kulinganisha ni Tyrfing, upanga uliomo katika saga ya Hervör ya Iceland, iliyoandikwa karne ya 13. Mfalme Svafrlami aliwalazimisha vibeti wawili, Dvalin na Durin, wamfulie upanga usioshika kutu na unaokata chuma kama kitambaa. Waliufua, kisha wakaulaani: kila utakapochomolewa utaua mtu, utatenda maovu makuu matatu, na utakuwa sababu ya kifo cha Svafrlami mwenyewe. Panga nyingi za giza zilizoandikwa katika karne ya 20, zenye kiu ya damu na akili zao wenyewe, ni wajukuu wa Tyrfing.

Silaha zote mbili zina sharti na zote mbili zina hesabu ya tatu. Tofauti ni kwamba sharti la Tyrfing haliepukiki, na msiba unatokana na hilo, ilhali sharti la guruneti linaweza kutimizwa na mtoto wa chekechea. Katika msiba, mtu anaangamia kwa sababu hana njia nyingine. Hapa njia ipo, imeandikwa na imesomwa kwa sauti.

16. Je, fasihi ya Kiswahili ina silaha ya namna hii?

Yenye kuchekesha kwa namna hii hasa, hapana. Iliyo karibu kwa muundo ni sindano ya shaba katika hekaya ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliiandika kwa utenzi mwaka 1913. Liyongo hauawi na mkuki wala mshale. Kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba tu, tena ikichomwa kitovuni, na mwanawe, aliyehadaiwa kwa ahadi za mtawala wa Pate, ndiye anayeipata siri hiyo na kuitumia.

Hapo pia pana kifaa kidogo kinachomshinda shujaa mkubwa, na pana maelekezo mahususi yasiyobadilika. Lakini mwana wa Liyongo anayafuata maelekezo bila kukosea, na ndiyo maana tunalia. Sijaona bado mwandishi wetu aliyeuchukua muundo huo na kuugeuza uchekeshe, na ningefurahi sana kumsoma atakayejaribu, mradi asimguse Liyongo mwenyewe kwa mkono mchafu.

17. Ninaandika hadithi ya fantasia ya giza na ninataka kuweka silaha ya kuchekesha. Nianzie wapi?

Anza na kitu ambacho wahusika wako wanakiheshimu kweli, kisha ukiheshimu pamoja nao hadi mwisho. Soma lugha ya ibada, ya sheria au ya mganga wa sehemu unayoiandikia mpaka uweze kuiandika bila kuigiza. Filamu hii isingefika ilipofika kama Kitabu cha Silaha kingeandikwa na mtu asiyeyajua maandiko.

Ipe silaha sharti moja tu, na sharti hilo ligongane na udhaifu ambao msomaji ameshauona kwa mhusika kabla silaha haijatokea. Swali la 5 linaonyesha jinsi udhaifu wa Arthur ulivyopandwa mapema na kurudiwa baadaye. Mwandishi anayeutaja udhaifu kwa mara ya kwanza katika tukio lenyewe amechelewa.

Usipunguze giza. Mashujaa watatu wamekufa kwa kweli kabla guruneti halijaletwa, na damu yao ndiyo inayoupa uzito utulivu wa watawa. Na silaha ifanye kazi. Silaha inayoharibika ni mzaha mfupi, na msomaji ameshauona mara nyingi.

## Baada ya filamu

18. Nimeliona kwenye mchezo wa kompyuta. Ni lile lile?

Ndiyo. Wengi wa rika la miaka ya 1990 walilijua kupitia mfululizo wa michezo ya Worms wa kampuni ya Team17, ambamo minyoo hulirusha na kwaya huimba "Haleluya" kabla halijalipuka. Limo pia katika Fallout 2 ya mwaka 1998, na katika Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 linapatikana kwa jina linalofanana na hilo. Linaonekana vilevile katika filamu ya *Ready Player One* ya mwaka 2018, na katika *Spamalot*, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway mwaka 2005 na kushinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki.

Michezo ya kompyuta huondoa sharti la kuhesabu, kwa sababu mashine ndiyo inayohesabu. Mlipuko unabaki na kosa la binadamu linaondoka. Mchezaji anayelipenda kwa mlipuko wake peke yake ana deni la kuitazama filamu.

19. Pango la Caerbannog linaweza kutembelewa?

Tukio lilirekodiwa nchini Scotland, kwenye mgodi wa shaba ulioachwa wa Tomnadashan, juu ya ufuo wa kusini wa ziwa Loch Tay. Wanaofika huko huwa wanakwenda pia kwenye ngome ya Doune, ambako sehemu kubwa ya matukio ya ngome ilirekodiwa. Mgodi wa zamani ni mahali pa hatari, kwa hiyo inafaa kubaki mlangoni.

20. Ninao mfano wa guruneti hili. Je, ninaweza kusafiri nao kwa ndege?

Usifanye hivyo. Walinzi wa viwanja vya ndege hawana wajibu wa kuijua filamu, na vitu vinavyofanana na mabomu huzuiwa hata vikiwa vya plastiki. Nchini Marekani mifano ya maguruneti hairuhusiwi kwenye mzigo wa mkononi wala kwenye mizigo inayokabidhiwa.

Mwaka 2009, katika eneo la Shoreditch mjini London, mfano wa Guruneti Takatifu ulikutwa na mafundi kwenye shimo la bomba la maji ya zimamoto. Watu waliondolewa kwenye majengo ya jirani na wataalamu wa mabomu wakaitwa kabla haijathibitishwa kwamba ni kitu cha kuchezea tu. Anayetaka kuupeleka mfano wake mbali na autume kama kifurushi, aeleze wazi kilichomo, na aulize kwanza kama msafirishaji anaupokea.